Jinsi Oakland ilivyowafikia matajiri kwa hesabu, kisha ikapoteza timu yake

MWAKA 2002, timu mbili za besiboli nchini Marekani zilimaliza msimu zikiwa na idadi sawa ya ushindi: mechi 103. Ya kwanza ilikuwa New York Yankees, iliyotumia takriban dola milioni 125 kuwalipa wachezaji wake. Ya pili ilikuwa Oakland Athletics ya jimbo la California, iliyotumia takriban dola milioni 40, kiasi ambacho hakikufika hata thuluthi moja ya gharama za wenzao.

Usawa huo wa matokeo, penye tofauti kubwa namna hiyo ya fedha, uliwashangaza wengi. Baadhi waliuita bahati. Wengine waliuita muujiza. Ukweli ni kwamba haukuwa muujiza hata kidogo. Ulikuwa zao la swali moja ambalo viongozi wa Oakland walikuwa wamejiuliza kwa miaka kadhaa: je, bei ya mchezaji sokoni ndiyo thamani yake uwanjani?

Jibu walilolipata limeubadilisha mchezo wao, na baadaye likavuka bahari hadi katika kandanda ya Uingereza inayofuatiliwa kwa hamu na maelfu ya mashabiki humu nchini. Kwa sababu hiyo, msimu huo wastahili kuelezwa hata kwa msomaji ambaye hajawahi kutazama mechi moja ya besiboli.

Mchezo wenyewe

Besiboli ni binamu wa kriketi. Timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji tisa uwanjani, hupokezana zamu za kupiga mpira na kuuzuia. Mrushaji wa timu moja humtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, ambaye hushika kigongo. Mpigaji akiupeleka mpira mahali ambapo wapinzani hawawezi kuudaka, hukimbilia kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, vimepangwa katika pembe za mraba, na anayevizunguka vyote hadi kurejea alikoanzia huipatia timu yake mkimbio mmoja. Timu yenye mikimbio mingi ndiyo mshindi. Akiupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, huvizunguka vituo vyote kwa raha zake.

Lakini ipo njia nyingine ya kufika kituo cha kwanza, nayo haina mbwembwe. Mrushaji akitupa mipira minne isiyopita katika eneo halali, na mpigaji akawa na subira ya kuiacha ipite, mpigaji hupewa kituo hicho bure.

Jambo la mwisho la kukumbuka ni kwamba besiboli haichezwi kwa saa. Kila timu ina zamu tisa, na kila zamu humalizika wapigaji watatu wanapoondolewa. Kwa hivyo timu huwa na nafasi 27 tu za kuondolewa. Zikiisha, mchezo wake umekwisha. Hizo 27 ndizo dakika 90 za besiboli. Mpigaji asiyeondolewa, hata kama hakufanya lolote la kupigiwa makofi, ameiongezea timu yake muda wa kuishi.

Nyumba iliyobomolewa

Mwaka 2001 Oakland ilikuwa imeshinda mechi 102. Katika hatua ya mchujo ilikutana na Yankees, ikashinda mechi mbili za kwanza, kisha ikapoteza tatu mfululizo na kubanduliwa. Huo ulikuwa mwanzo tu wa masaibu. Mikataba ya wachezaji wake watatu muhimu ilikuwa imefika ukingoni, na klabu haikuwa na fedha za kuwazuia.

Jason Giambi, aliyekuwa ametawazwa mchezaji bora wa ligi ya American mwaka 2000, alichukuliwa na Yankees hao hao kwa mkataba wa miaka saba wenye thamani ya dola milioni 120. Johnny Damon akaenda Boston Red Sox. Jason Isringhausen, mrushaji aliyetegemewa kufunga mechi, akaelekea St. Louis Cardinals.

Hali hiyo haikuwa ya Oakland pekee. Katika miaka ya 1990, pengo baina ya timu tajiri na maskini lilikuwa limepanuka kiasi cha kuwatia hofu wakuu wa mchezo. Julai 2000, jopo lililoteuliwa na kamishna Bud Selig lilitoa ripoti iliyosema kuwa timu zenye mapato madogo hazina tumaini la kweli la ubingwa. Novemba 2001, wamiliki wa timu walipiga kura kuunga mkono kufutiliwa mbali kwa timu mbili. Zilizotajwa sana zilikuwa Montreal Expos na Minnesota Twins. Mpango huo ulikwamia mahakamani, lakini ujumbe wake ulikuwa wazi: maskini hana mahali mezani.

Aliyedanganywa na macho

Meneja mkuu wa Oakland wakati huo alikuwa Billy Beane. Yeye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa kijana wa kumezewa mate. Mwaka 1980, New York Mets ilimteua katika raundi ya kwanza ya usajili wa chipukizi, kwa kuwa maskauti waliomtazama walivutiwa na umbo lake, kasi yake na nguvu za mkono wake. Mapato ya matarajio hayo yalikuwa haba. Beane alicheza miaka kadhaa bila kung'aa, kisha akaacha kucheza na kuwa skauti. Alijua kwa maisha yake mwenyewe kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu.

Msaidizi wake alikuwa Paul DePodesta, kijana aliyesomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Wawili hao walitegemea sana mawazo ya mtu ambaye hakuwahi kuajiriwa na timu yoyote kwa miaka mingi, Bill James. Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya mikebe jimboni Kansas, James alianza kuchapisha vitabu vya takwimu za besiboli. Hoja yake kuu ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kumeza: takwimu ambazo mchezo huo ulikuwa umezienzi kwa zaidi ya karne moja zilikuwa zikipima mambo yasiyofaa.

Chukua mfano wa wapigaji wawili, kila mmoja akiwa amejaribu mara 100. Wa kwanza alifika kituoni mara 30 kwa kupiga mpira na mara mbili bure. Wa pili alifika mara 25 kwa kupiga na mara 13 bure. Kwa desturi, magazeti yangemsifu wa kwanza, kwa kuwa wastani wa mapigo haukuhesabu kabisa vituo vya bure. Lakini wa kwanza aliondolewa mara 68, na wa pili mara 62. Ikiwa nafasi za kuondolewa ndizo uhai wa timu, basi wa pili ana faida zaidi. Na maadamu soko lilimtukuza wa kwanza, wa pili angeweza kununuliwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya Oakland. Hawakutafuta wachezaji wabovu kwa sababu ni rahisi. Walitafuta wachezaji ambao sifa zao zilileta ushindi lakini soko lilikuwa limesahau kuzitia bei. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Kabla ya msimu kuanza, DePodesta alikadiria kuwa timu ikishinda mechi 95 itafika hatua ya mchujo, na kwamba ili kufanya hivyo ingehitaji kupata mikimbio takriban 135 zaidi ya itakayofungwa. Matokeo yalikuwaje? Oakland ilifunga mikimbio 800 na kufungwa takriban 650.

Walioachwa na wengine

Nafasi ya Giambi ilipewa Scott Hatteberg. Huyu alikuwa mdakaji wa Boston, yaani mchezaji anayechutama nyuma ya mpigaji kupokea mipira ya mrushaji. Neva za kiwiko chake zilikuwa zimeumia kiasi kwamba hangeweza tena kurusha mpira ipasavyo, na kwa mdakaji jeraha hilo ni sawa na hukumu ya kustaafu. Oakland ilimsajili kwa mshahara usiofika dola milioni moja na kumtaka acheze katika kituo cha kwanza, nafasi ambayo hakuwa ameizoea. Kilichowavutia ni subira yake. Mwaka huo alifika kituoni katika asilimia 37.4 ya majaribio yake.

David Justice alikuwa na umri wa miaka 36, na nyota yake ilikuwa ikififia baada ya miaka mingi ya sifa. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini jicho lake la kuutambua mpira mbaya halikuwa limezeeka. Alifika kituoni katika asilimia 37.6 ya majaribio.

Chad Bradford alikuwa mrushaji wa mtindo wa ajabu. Badala ya kurusha kwa juu kama wenzake, aliinama na kuupitisha mkono chini, vidole vikikaribia kugusa ardhi. Maskauti walimwona kituko. Oakland iliangalia matokeo badala ya mkao, na akatumika katika mechi 75 msimu huo.

Kujikongoja, kisha kupaa

Mwanzo haukuwa wa kutia moyo. Kufikia wiki ya nne ya Mei, Oakland ilikuwa imeshinda mechi 20 na kupoteza 26, na wakosoaji walikuwa na mengi ya kusema. Hata hivyo, msimu wa besiboli una mechi 162, na wenye kuamini hesabu hujua kuwa mechi 46 hazitoshi kutoa hukumu.

Agosti 13, timu ilianza kushinda na haikukoma. Siku zilivyosonga, ushindi ulifika 10, kisha 15. Wakati huo huo, kivuli kizito kilikuwa kimetanda juu ya ligi nzima. Wachezaji walikuwa wametangaza kugoma Agosti 30 endapo wasingeafikiana na wamiliki kuhusu mgawanyo wa mapato. Mwafaka ulipatikana siku hiyo hiyo. Mkataba mpya uliongeza kiasi ambacho timu tajiri zingegawia maskini, na ukaweka kodi kwa timu ambayo mishahara yake ingepita kiwango fulani, kilichokuwa dola milioni 117 mwaka 2003. Oakland, iliyokuwa mfano hai wa mjadala huo, iliendelea kushinda.

Ushindi wa 18 na wa 19, Septemba 1 na Septemba 2, uliletwa na Miguel Tejada, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, kwa mapigo ya dakika za mwisho. Kisha ikaja jioni ya Septemba 4 dhidi ya Kansas City Royals, mbele ya mashabiki 55,528. Baada ya zamu tatu, Oakland ilikuwa ikiongoza 11-0. Waliokuwa uwanjani walidhani kazi imekwisha. Wageni walijizoazoa, wakapunguza pengo, na katika zamu ya tisa wakasawazisha, 11-11.

Katika nusu ya mwisho ya zamu hiyo, aliyeingizwa kama mpigaji wa akiba alikuwa Hatteberg, mtu ambaye mwaka mmoja awali mkono wake ulidhaniwa umekwisha kazi. Aliutandika mpira wa Jason Grimsley ukavuka ukuta. Oakland ikashinda 12-11, na kuwa timu ya kwanza katika historia ya ligi ya American kushinda mechi 20 mfululizo. Rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2017, Cleveland iliposhinda mechi 22.

Msururu huo ulikatizwa Septemba 6 na Minnesota. Mwishoni mwa msimu Oakland ilikuwa imeshinda 103 na kupoteza 59, ikaongoza kundi lake la magharibi, mechi nne mbele ya Anaheim Angels.

Yasiyosimuliwa sana

Kisa hiki kilienezwa duniani na kitabu cha Michael Lewis kiitwacho Moneyball, kilichochapishwa mwaka 2003, na filamu ya jina hilo hilo ya mwaka 2011 ambamo Brad Pitt aliigiza kama Beane. Masimulizi hayo yana ukweli mwingi, ila yanaweza kumwacha mtu akidhani kuwa timu ilibebwa na Hatteberg na wenzake pekee. La hasha.

Nguzo za Oakland mwaka huo zilikuwa warushaji watatu vijana, Barry Zito, Tim Hudson na Mark Mulder. Zito alipewa ushindi katika mechi 23 na kupoteza tano, akatwaa tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora wa ligi. Tejada naye, kwa mapigo yake 34 ya kuvusha ukuta, alitawazwa mchezaji bora wa ligi ya American.

Swali ni: vipi timu maskini ilikuwa na nyota wa aina hiyo? Jibu limo katika kanuni za ajira za mchezo huo. Mchezaji mpya hufungwa na klabu iliyomlea kwa takriban misimu sita kabla ya kuwa huru kwenda atakako, na katika miaka ya kwanza huwa hana nguvu ya kudai mshahara unaolingana na kazi yake. Kwa hivyo Oakland ilifaidi ujana wa watu hao kwa bei nafuu. Ufanisi wake ulisimama juu ya miguu miwili: kulea vyema chipukizi, na kununua kwa busara vilivyodharauliwa. Anayeutaja mguu mmoja na kuuficha wa pili hajamaliza hadithi.

Mechi tano zaangusha 162

Katika mchujo Oakland ilipangwa na Minnesota Twins, timu ile ile ambayo mwaka mmoja awali ilikuwa karibu kufutwa. Zilicheza mechi tano. Ya mwisho ilifanyika Oakland Oktoba 6, na Minnesota ikashinda 5-4. Kwa mara ya tatu mfululizo Oakland ilikuwa imeanguka katika mechi ya tano ya hatua hiyo. Ubingwa wa mwaka huo ulinyakuliwa na Anaheim Angels, walioilaza San Francisco Giants katika mechi saba za World Series.

Wapinzani wa Beane walishangilia. Walidai kuwa hesabu zake zimeumbuka palipokuwa na shinikizo. Hoja hiyo haina mashiko. Hebu tufanye hesabu ndogo. Timu yenye uwezo wa kumshinda mpinzani wake mara 60 katika kila mechi 100 ni timu bora kwa yakini. Hata hivyo, ikikutana naye katika mechi tano, itashindwa karibu mara moja katika kila mara tatu. Mechi 162 hutenganisha pumba na mchele. Mechi tano hazitoshi kuchekecha.

Siri yatoka nje

Pigo kubwa zaidi kwa Oakland halikutoka uwanjani. Mwishoni mwa 2002 mmiliki wa Boston Red Sox, John Henry, tajiri aliyechuma mali kwa kutumia hesabu katika biashara ya bidhaa, alijaribu kumwajiri Beane kwa malipo manono. Beane alikataa. Henry hakuvunjika moyo. Alimwajiri Bill James kuwa mshauri na kumkabidhi umeneja Theo Epstein, kijana wa miaka 28. Mwaka 2004, Boston ilitwaa World Series kwa mara ya kwanza tangu 1918.

Sasa matajiri walikuwa na fedha pamoja na maarifa. Mwaka 2006 wanauchumi Jahn Hakes na Raymond Sauer walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa uwezo wa kufika kituoni ulikuwa hakika ukilipwa chini ya thamani yake, na kwamba kufikia 2004 soko lilikuwa limejirekebisha. Kilichokuwa mvunguni sasa kilikuwa mezani, na bei yake ilikuwa imepanda.

Oktoba 2010, kampuni ya Henry iliinunua klabu ya Liverpool. Miaka miwili baadaye klabu ilimwajiri Ian Graham, msomi wa fizikia, kuongoza utafiti wa takwimu. Idara yake ilikuwa miongoni mwa waliosisitiza kusajiliwa kwa Mohamed Salah mwaka 2017, wakati wengi walimkumbuka kama mchezaji aliyeshindwa kufua dafu alipokuwa Chelsea. Liverpool ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2019, na wa Uingereza mwaka 2020 na 2025. Shabiki wa vijogoo hao wa Anfield ana deni kwa mlinzi wa usiku wa Kansas, pengine bila kujua.

Wanaobaki bila timu

Na Oakland je? Wale waliokuwa nguzo waliondoka mmoja baada ya mwingine, kama Giambi alivyofanya. Tejada alienda Baltimore baada ya msimu wa 2003 kwa dola milioni 72. Hudson na Mulder waliuzwa Desemba 2004. Zito alijiunga na majirani San Francisco Giants baada ya msimu wa 2006, kwa dola milioni 126. Timu iliendelea kufika hatua ya mchujo mara kwa mara, mara ya mwisho ikiwa 2020, lakini ubingwa wake wa mwisho umebaki kuwa ule wa 1989.

Wakati huo uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1966, ulizidi kuchakaa. Mwaka 2013 majitaka yalifurika hadi katika vyumba vya wachezaji. Mazungumzo kuhusu uwanja mpya yalidumu miaka mingi bila kuzaa matunda. Mji huo ulikuwa tayari umewapoteza Golden State Warriors wa mpira wa vikapu mwaka 2019, na Raiders wa kandanda ya Kimarekani mwaka 2020. Septemba 26, 2024, zaidi ya watu 46,000 walifika kuiona Athletics ikicheza mechi ya mwisho nyumbani. Iliishinda Texas Rangers 3-2. Mwaka 2025 ilianza kutumia uwanja mdogo huko West Sacramento, ikisubiri kujengewa makao mapya Las Vegas yanayokusudiwa kufunguliwa 2028.

Hapa ndipo penye funzo ambalo filamu haikuwahi kulifikia. Hesabu ilimwezesha maskini kumfikia tajiri uwanjani kwa misimu kadhaa, na katika kufanya hivyo ikaonyesha kuwa waliotaka kuzifuta timu ndogo walikosea. Lakini haikubadilisha nani anamiliki timu, wala nani anaamua itachezea wapi. Waliojaza viti 55,528 usiku wa Septemba 4, 2002 walikuwa na kila sababu ya kushangilia. Timu waliyoishangilia haikuwa yao.